Niliiziba Pumzi Pikapu ya Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana ikifika sijapata jibu sijui nitamtazamaje mwanangu, na sijui kama nitabaki na mwanangu wa kumtazama. Usinicheke mwandiko. Shule niliishia darasa la nne, na karatasi hii ni ya kukatia vipimo, mimi ni mshonaji, ndiyo maana nyuma yake unaona mchoro wa kola ya mtu.

Nina mtoto wa kiume, ana mke na binti wa miaka minne, wote tunaishi nyumba moja. Baba yake alipofariki alituachia pikapu kuukuu ya silinda nne, ya petroli, ile ya zamani ambayo ukifungua boneti unaona kila kitu mpaka chini kwenye udongo. Marehemu aliiendesha kama amebeba mayai hata siku alizobeba kokoto. Mwanangu ndiye anaitumia sasa kubebea mageti ya chuma, anayachukua kwa mchomeleaji pale karibu na sokoni na kuyapeleka kwenye nyumba mpya zinazojengwa juu mlimani, na kazi hiyo ndiyo inatulisha, mimi cherehani yangu siku hizi ni ya kuongezea chumvi tu.

Sasa mwanangu ana rafiki, sisi tunamwita Fundi Simu kwa sababu ufundi wake wote ameusoma kwenye simu. Anatazama video, anafunga simu, anafungua gari la mtu. Ni mcheshi, akinikuta uani ananiambia, “Mama mzaa chema, hujambo? Leo tunaiongezea farasi!” Mimi nikadhani anatania, kumbe farasi ndiyo nguvu za injini. Akamwambia mwanangu kwamba gari la zamani halihitaji injini mpya, kuna njia za bei rahisi za kulitia nguvu, unatoa hiki, unapanua kile, linakimbia kama la mwaka huu. Wakaanza na bomba la moshi, wakatoa lile dude la kunyamazisha sauti wakaweka bomba tupu lililonyooka, na tangu siku hiyo gari likiwashwa vikombe vyangu kabatini vinagongana.

Mshauri, gari lilikimbia kweli. Nasema ukweli maana nimekuja kuungama. Nilipanda siku moja kwenda kununua vitambaa, tukawa tunashuka ule mteremko wa kwenye shule, mwanangu akalipita basi, na mbele yetu ng'ambo ya pili linakuja lori, na mwanangu anacheka, ananiambia, “Mama umeona? Umeona inavyovuta?” Mimi nilikuwa nimeshika kile kiti nilichokishonea kitambaa mwenyewe na sikuona kitu, nilifumba macho. Tulipofika nikamwambia mwanangu endesha taratibu, akasema ndiyo mama. Kesho yake mama muuza mkaa akaniambia, “Mwenzangu, mwanao jana kapita hapa kama karushwa na kombeo.” Nikamwambia tena taratibu, akasema tena ndiyo mama. Watoto wa siku hizi “ndiyo mama” zao ni nyingi, ukizihesabu unashona shuka.

Nikawa sili vizuri. Nikisikia king'ora nasimama. Mkwe wangu akichelewa kupokea simu najua ajali imetokea na ni yeye amepigiwa kwanza kuambiwa. Nikakumbuka maneno ya marehemu, alikuwa akisafisha kichujio cha hewa ananiambia nimshikie kile kifuniko, anasema, “Mke wangu, injini ni kama mtu, ukimziba pua hakimbii.” Alikuwa ananifundisha nisiache matambara juu ya injini. Mimi nikachukua somo lingine.

Nilishona soksi. Sijui niiteje, ni kama foronya ya duara. Kichujio cha gari lile ni cha duara, kimekaa ndani ya boksi kama sufuria yenye kifuniko, na kifuniko kinafungwa na nati yenye masikio, unaifungua kwa vidole tu bila spana. Nikapima duara kwa tepu yangu, nikakata kitambaa cha bitana, kile cha ndani ya makoti kisichopitisha upepo vizuri, rangi ya kijivu ili kifanane na vumbi, nikakitia lastiki juu na chini, na pindo nikalishona mara mbili nyuzi zisitoke. Mshauri, ni kazi safi, Mungu anisamehe, sijawahi kushona kitu kidogo kizuri namna ile. Asubuhi mwanangu akiingia kuoga huwa anaimba, na mimi siku ile niliposikia ameanza kuimba nikatoka na soksi yangu mfukoni mwa aproni, nikafungua, nikavisha, nikafunga, nikarudi jikoni, na uji haujamwagika.

Gari likapoa. Likisimama linanguruma vizuri kama kawaida, lakini ukilibana lipande au likimbie linakosa pumzi. Nikashukuru. Wiki ile nililala kama mtoto.

Kumbe nilikuwa nimewasha moto chini ya kitanda changu. Mwanangu akaona gari limepungua nguvu, naye ndiyo kwanza amezoea nguvu. Akamwita Fundi Simu. Fundi Simu akasema tatizo ni kabureta, petroli haitoshi, akaling'oa boksi la hewa zima zima bila hata kulifungua, akaitoboa kabureta vijitundu vyake vikawa vikubwa ili petroli iingie nyingi. Ikavuta kidogo, moshi mweusi ukaanza. Mimi nikaogopa, nikaongeza bitana tabaka la pili. Wakasogeza moto wa plagi uwahi, wakasema hiyo inaongeza nguvu bure kabisa. Nikaongeza tabaka la tatu. Siku mwanangu aliponunua kichujio kipya niliwahi kuivua soksi, nikamsaidia kukivunja vunja kile cha zamani, na kesho yake asubuhi nikakivisha kipya. Kila akipanda ngazi moja mimi nachomoa moja chini, na hajui kwamba anashindana na mama yake.

Huko kwa mchomeleaji wakaanza kumcheka. Gari wakaliita Konokono. Akifika wanapiga kelele, “Pisheni, Konokono na nyumba yake mgongoni!” Mwanangu akija nyumbani anatuhadithia huku anacheka, lakini ukiwa mama unakijua kicheko cha mwanao kikiwa kimeungua chini.

Hapo sijafika kwenye ubaya wenyewe.

Kuna fundi mzee, anaitwa Fundi Polepole, yeye ndiye alilitunza gari lile tangu enzi za marehemu. Mwanangu akaamua kulipeleka kwake akalichunguze. Mimi nikaogopa mzee atafungua aone soksi, kwa hiyo asubuhi ile nikaivua. Mzee akaliendesha, akarudi akasema, “Kijana, hili gari kwa nguvu halina ugonjwa. Ugonjwa wake ni breki. Breki zako zimekwisha, na breki ya mkono imebaki jina. Acha injini, tengeneza breki.” Mwanangu akarudi nyumbani na furaha. Kesho yake asubuhi nikaivisha. Gari likafa nguvu njiani. Mwanangu akarudi kwa mzee yule na hasira, akamwambia mbele ya wateja, “Mzee, umezeeka wewe, hata injini huisikii! Gari linaumwa unaniambia breki, breki!” Mkwe wangu alikuwepo, ndiye aliyenihadithia, anasema mzee alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Na mwanangu sasa kila mahali anasema Fundi Polepole kazi imemshinda, na watu wanaamini, wanapita hapo kwake wanaenda kwingine. Mimi nilimkuta dukani siku ya pili, akanisalimia kwa heshima kama siku zote, kisha akaniambia, “Mama, lile gari likija kwangu linapumua, likirudi kwenu linakata pumzi. Kwenu kuna nini?” Nilisema nimesahau kitu nikatoka dukani bila sukari.

Sasa Alhamisi iliyopita. Nilikuwa na mapazia ya kupeleka kwenye nyumba moja juu mlimani, mwanangu akasema, “Mama panda, nakwenda huko huko, nina mageti mawili.” Mjukuu naye akalia anataka kwenda na bibi. Nikampakata. Soksi ilikuwa ndani, matabaka matatu, niliivisha mwenyewe, sikujua nitapanda. Nikasema moyoni, si vibaya, ndiyo hata litakwenda pole.

Katikati ya mlima, pale barabara inaposimama kama ngazi, gari likaanza kukohoa. Mwanangu akabadilisha gia, likakohoa tena, likazimika. Akakanyaga klachi aliwashe, na hapo likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki, ikashika kidogo, akakanyaga tena ikawa ngumu kama anakanyaga jiwe. Akavuta breki ya mkono ikaja yote juu kama mpini wa mwavuli. Gari linarudi, mageti nyuma yanalia, mwanangu ametoa kichwa dirishani anazungusha usukani, na mimi nimemkumbatia mtoto nimeingiza uso wangu kwenye nywele zake, na mtoto anacheka, anasema, “Bibi, gari linarudi nyumbani!” Mshauri, nilitaka kusema nimekosa, nikazidi kumkumbatia mtoto.

Alilipeleka kwenye rundo la mchanga wa watu wanaojenga. Tukagonga, geti moja likachomoka likaanguka barabarani mahali ambapo dakika moja nyuma kulikuwa na watoto wanaotoka shule, walikuwa wameshapita. Hakuna aliyeumia. Mwanangu akazunguka akafungua mlango wangu, akaniambia, “Nisamehe mama. Gari halina nguvu. Kama lingekuwa na nguvu lisingezimika. Jumamosi ijayo nalitia nguvu, sitaki tena kukuona hivi.”

Akaniomba msamaha mimi.

Nikamwambia Mungu mkubwa. Hilo tu ndilo nililosema. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi niliingia na mjukuu.

Tangu siku ile gari limeegeshwa uani. Jumamosi hii Fundi Simu anakuja na mwenzake. Wanatoa boksi lote la hewa watupe, waweke kichujio cha kukaa wazi, na kile kichwa cha injini wanachokiita hedi watakipeleka kikwanguliwe ili kibane zaidi, nguvu ziongezeke. Breki mwanangu anasema atatengeneza baadaye. Sasa sielewi nifanye nini. Nikiacha soksi wataikuta, lastiki yake na pindo langu, na katika nyumba ile mshonaji ni mmoja. Nikiitoa kimya kimya, gari litapata pumzi yote pamoja na petroli waliyoongeza na kubanwa huko kwa hedi, halafu breki hazipo, na mlima una upande wa kushuka. Kila nikilala naliona linashuka. Nikiamka nalikuta uani limekaa kimya linanitazama.

Nimefikiria kuichoma soksi jikoni nisingizie nimeota ndoto mbaya, mwanangu aliuze gari. Nimefikiria kumwambia mkwe wangu amwambie yeye. Nimefikiria kumuomba Fundi Polepole aseme ni panya. Mshauri, akijua ni mimi atanichukia, na hata asiponichukia hataniamini tena nishike kikombe chake cha chai. Na nisipomwambia nitamzika. Nifundishe njia ya kulizuia gari bila kumpoteza mtoto, nakuomba kwa heshima zote.

Mimi mama wa nyumba ya uani yenye pikapu.


JIBU

Mama, pole. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Nimeipandisha mbele ya barua nyingine zote kwa sababu leo ni Ijumaa na gazeti liko mkononi mwako, na namba uliyoandika pembeni tumeipiga tangu jana haipatikani. Kwa hiyo sikiliza haraka.

Pole nimeshasema, sasa nakugombeza. Umemfanya mwanao achekwe, umemharibia mzee wa watu jina lake, na umembeba mjukuu wako kwenye gari ulilolifunga pumzi kwa mkono wako. Yote kwa upendo, najua. Huku kwenye meza yangu barua nyingi za maafa zimeandikwa na watu wenye upendo.

Unaniuliza njia ya kulizuia gari bila kumpoteza mtoto. Mbili umezitaja mwenyewe, kumwambia au kumzika, njia ya tatu huipati kwangu, wala ya panya. Panya hashoni pindo mara mbili.

Nimetafuta katika barua yako siku uliyomwambia mwanao kwamba unaogopa, sijaiona. Umemwambia “taratibu.” Hiyo ni amri, na mwanamume mwenye mke na mtoto akipewa amri na mama yake hujibu “ndiyo mama” na kuendelea na safari. Siku ile ya basi na lori ulifumba macho. Ungemwambia ulifumba macho. Badala yake ulikwenda kushona.

Kwa upande wa gari nimemwita dereva wa ofisi yetu, aliyekuwa fundi wa magari ya mizigo miaka mingi kabla ya kuchoka na grisi. Nimemsomea barua yako. Alicheka mpaka kwenye soksi, akaacha kucheka kwenye mlima. Akaniambia, “Dada, mwandikie huyo mama kwa herufi kubwa gari lisiwashwe. Hata akitoa hiyo nguo, lisiwashwe likaenda barabarani.” Nikamuuliza kwa nini, si litakuwa limepona? Akasema, “Litaponaje? Kila walichogusa wamekipima na injini iliyozibwa pua. Petroli wameongeza kufuata uongo, moto wa plagi wamesogeza kufuata uongo. Ukiuondoa uongo peke yake, hakuna kilichobaki mahali pake.”

Huyo anazungumza injini, mama, lakini na wewe umesikia.

Akaendelea, na haya umpelekee mwanao kama yalivyo, maana kijana hakosei kutaka gari lipande mlima. Anafanya kazi. Anachokosea ni mpangilio. Breki kwanza, zote, na breki ya mkono ishike gari lenye mzigo kwenye mteremko likiwa limezimwa, ndipo mtu azungumzie nguvu. Ile breki iliyokuwa ngumu kama jiwe ilikuwa hivyo kwa sababu injini ilizimika. Injini ndiyo humsaidia dereva kukanyaga. Basi injini isiyozimika hovyo na breki nzima ni kitu kimoja kwake, asivitenganishe.

Kisha kabureta na moto wa plagi virudi vilivyokuwa siku gari lilipotoka kiwandani. Vile vijitundu vilivyotobolewa haviwezi kuzibwa, vinunuliwe vipande vipya vyenye vijitundu vya saizi yake, ni vidogo na hupatikana hata kwa wauza vipuri vya mitumba. Plagi zitakuwa zimejaa masizi, zibadilishwe. Oili imwagwe iwekwe nyingine, petroli nyingi namna ile huteremka ndani na kuifanya nyepesi, na injini hujila yenyewe. Bomba la moshi lirudishiwe kinyamazishi chake. Kelele si nguvu. Hedi isikwanguliwe. Kwanza upimwe mbano wa silinda moja moja, zote nne, fundi yeyote mwenye kipimo anafanya kazi hiyo kwa muda wa kunywa chai. Zikilingana, injini ni nzima na haihitaji kubanwa zaidi. Ukiibana injini ya umri ule itachemka na kupasuka gaskiti katikati ya mlima ule ule. Zisipolingana, ndipo mjue inayoumwa ni ipi. Vali zirekebishwe nafasi yake, radieta isafishwe, tairi zijazwe upepo unaotakiwa. Na mageti mawili yapande kwa safari mbili. Dereva wetu anasema akifanya hayo tu atashangaa gari lilikuwa na nguvu kiasi gani tangu awali, na hayo ndiyo maboresho ya bei rahisi aliyokuwa akiyatafuta.

Fundi Simu asifukuzwe, anapenda kazi na ana mikono. Apelekwe akakae kwa Fundi Polepole ajifunze kusikiliza kabla ya kufungua.

Na hapo tumefika kwa mzee. Ulitoka dukani bila sukari, sasa utarudi kwake na maneno. Utakwenda na mwanao, na utakwenda mchana wakiwepo wateja, maana alidharauliwa wakiwepo wateja. Utasema wewe, siyo mwanao: “Mzee huyu alisema kweli, mimi ndiye niliyemfanya aonekane mwongo.” Mwanao naye ataomba msamaha kwa ulimi wake. Usimshike mkono mzee kwa siri nyuma ya gereji ukadhani umemaliza. Na siku ya kwanza baada ya hapo, gari hilo alifungue yeye na si mwingine.

Mkwe wako usimtume. Ndoa yao haina kosa lolote hapa, usiwape mzigo wako wagombane nao.

Soksi usiichome. Nenda ukaitoe sasa hivi, mkono wako ndio unaojua njia. Itie mfukoni, umtafute mwanao popote alipo, akiwa peke yake. Usianze kwa kulia. Ukianza kulia ataanza kukubembeleza, atakuambia yamekwisha mama, usiogope, na wewe utapata nafasi ya kunyamaza kama ulivyonyamaza pale kwenye mchanga. Mpe ile nguo mkononi mwake kwanza. Kisha sema, “Gari lako halikuwa bovu. Ni mimi.” Mweleze matabaka yote matatu, siku ya kichujio kipya, siku ya mzee. Usiseme “lakini nilikuwa nataka tu.” Hiyo “lakini” iache nyumbani.

Atakasirika. Huenda akatoka nje, huenda asile chakula chako siku kadhaa, huenda akasema neno ambalo hujawahi kulisikia kutoka kwake. Usimkatize na usimkumbushe uchungu wa kumzaa. Akimaliza, ndipo mwambie kitu ambacho hujamwambia tangu siku ya basi: kwamba unaogopa, unaogopa nini hasa, na kwamba hofu yako ni ya kwako kuibeba na si ya gari lake. Muombe jambo moja tu, breki kabla ya Jumamosi yoyote. Atakupa, maana mtu aliyewahi kurudi nyuma mlimani na mtoto wake ndani haombwi breki mara mbili.

Hasira yake ipokee yote, mama. Anayekasirika ni mtu aliye hai.

Funga gazeti uende.